Betri ya ukubwa gani inatosha? Piga hesabu hivi kabla hujaenda dukani

Karibu kila wiki kuna mtu ananipigia, "fundi nichukue N100 au N150?" na mimi namrudishia swali, unataka kuwasha nini na kwa masaa mangapi? Hapo ndo anaanza kuhesabu kwa vidole, tv, taa mbili, feni, afu kuna na sabufa, afu anachoka anasema we niambie tu betri. Sasa ntakwambiaje betri wakati sijui unalisha nini, ni kama mtu akuulize anunue sufuria kubwa kiasi gani bila kusema wageni ni wangapi.

Na siwacheki, mwenyewe niliingia mkenge. Betri yangu ya kwanza ilikuwa N70, ya gari kabisa, nikapiga 70 mara 12 nikapata 840, tv yangu wati 60, nikajiambia hapa naangalia mpira masaa 14. Siku za mwanzo ilienda vizuri tu, masaa tisa kumi hivi, nikawa naitumia mpaka inveta (kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa wa 220V) ipige kelele na kuzima yenyewe, kila siku hivo hivo. Mwezi wa nne ilikuwa haimalizi taarifa ya habari. Betri haikuwa mbovu, mbovu ilikuwa hesabu yangu, kwaiyo nakuwekea hesabu nzima hapa, na mfano ntakaoutumia ni wa jamaa yangu kinyozi ambaye mtaani kwao umeme ulikuwa unakatika saa nne asubuhi unarudi saa tisa, yani masaa matano ya kazi yanapotea hivi hivi.

Kwanza, elewa namba tatu

Wati ni kasi ambayo kifaa kinakula umeme. Wati ukizidisha kwa masaa unapata wati-saa, kwenye lebo inaandikwa Wh, hicho ndo chakula chenyewe. Taa ya wati 9 ikiwaka masaa 5 imekula Wh 45, basi, hamna uchawi.

Ampea-saa, zile Ah zinazoandikwa kwenye betri, peke yake haikwambii kitu mpaka ujue volti. Ah mara volti ndo inakupa Wh. Betri ya 12V 100Ah ina Wh 1,200, ila pawabenki ya 20,000mAh, ambayo ni sawa na 20Ah, haina 20 mara 12, manake seli za ndani ni za volti 3.7, kwaiyo ni Wh 74 tu. Watu wanaona ile elfu ishirini wanadhani wamenunua mtambo.

Kwaiyo kanuni yangu ni moja, fanya kila kitu kwa Wh mpaka mwisho kabisa ndo ugeuze kwenda Ah. Ukianza na Ah utachanganyikiwa, hasa ukiwa na kifaa cha 5V, kingine 12V, kingine 220V.

Hatua ya 1: andika kila kitu kinachochomekwa

Chukua daftari. Sio kichwani, daftari. Geuza kifaa uangalie lebo nyuma, kama wameandika wati umemaliza, kama wameandika volti na ampea zidisha (adapta ya ruta 12V 1A ni wati 12). Ila ujue lebo inataja kiwango cha juu kabisa, matumizi halisi mara nyingi ni chini ya hapo. Ruta ya wati 12 kwenye lebo unakuta inakula 6 au 7. Tv ya inchi 32 iliyoandikwa 60 unakuta inatembea kwenye 45.

Ukitaka kujua ukweli kuna vile vipimo vya kuchomeka ukutani vinasoma wati, kama unacho safi. Kama huna, tumia mita yako ya LUKU, hii wengi hawaijui na ni ya bure. Angalia usoni mwa mita kuna kitaa chekundu kinachowaka na kuzima, na pembeni yake pameandikwa 1000 imp/kWh au 1600 imp/kWh. Maana yake kikiwaka mara 1000 (au 1600) umekula yuniti moja, yani Wh 1,000. Sasa zima kila kitu ndani, chomoa hata chaja na vile vya standbai, acha kifaa unachotaka kupima peke yake, shika saa ya simu, hesabu kimewaka mara ngapi kwa dakika 6. Dakika 6 ni sehemu ya kumi ya saa. Mita ya 1000, idadi zidisha kwa 10 hizo ndo wati. Mita ya 1600, zidisha kwa 6.25.

Kwa jamaa tulipima tv na king'amuzi kwa pamoja, mita yake ni ya 1600, tukahesabu mara 9 kwa dakika sita. 9 mara 6.25 ni wati 56. Lebo mbili ukizijumlisha zilikuwa zinasema zaidi ya 70. Kwa kifaa kidogo kama ruta dakika sita hazitoshi, kaa nusu saa nzima (idadi mara 2 kwa mita ya 1000). Na kama mita mnachangia na mpangaji mwenzio au imewekwa juu ya nguzo huioni, basi dili limekufa, rudi kwenye lebo.

Hatua ya 2: masaa, na hapa usijidanganye

Kila kifaa kina masaa yake. Mashine ya kunyolea haiwaki masaa matano mfululizo, kuna muda mteja anafutwa nywele, kuna muda hamna mteja watu wanabishana mambo ya Simba na Yanga. Tukakubaliana masaa 3. Orodha ikawa hivi:

Mashine 2 za wati 15, masaa 3: Wh 90
Taa 2 za wati 9, masaa 5: Wh 90
Tv wati 45, masaa 5: Wh 225
King'amuzi wati 12, masaa 5: Wh 60
Feni ya kusimama wati 50, masaa 5: Wh 250
Sabufa wati 20, masaa 5: Wh 100
Simu za wateja, chaja 2 za wati 10, masaa 3: Wh 60

Jumla Wh 875. Angalia feni. Feni peke yake inakula kuliko mashine zote na taa zote zikijumlishwa, na mashine ndo zinazoleta hela! Hapo ndo faida ya daftari.

Alikuwa na birika la umeme pia, la kuchemshia maji ya kumuosha mteja uso. Wati 1,500. Dakika kumi tu za birika ni Wh 250, sawa na feni masaa matano. Nikamwambia hilo tafuta jiko la gesi dogo au chupa ya chai, unachemsha asubuhi umeme ukiwepo. Kitu chochote kinachotoa joto (pasi, birika, hita, drai ya nywele) usikiweke kwenye betri kama hujajipanga kwa hela ndefu.

Hatua ya 3: ongeza kinachopotea njiani

Betri ni 12V, tv ni 220V, katikati kuna inveta na yenyewe haifanyi kazi bure. Chukulia inakupa asilimia 85 ya ulichoiingizia. Kwaiyo jumla yako gawa kwa 0.85. 875 gawa 0.85 ni kama 1,030. Afu inveta yenyewe ikiwa imewashwa tu hata bila kifaa inakula wati 10 hivi, kwa masaa matano ni Wh 50 nyingine. Tumefika 1,080.

Hapo nikamshauri tuitoe feni ya 220V tuweke feni ya 12V ya wati 15, inayofungwa moja kwa moja kwenye betri bila kupita kwenye inveta. Sio kali kama ile lakini kwa chumba kile inatosha. Hesabu mpya: 875 toa 250 za feni ya zamani ni 625, gawa 0.85 ni 735, ongeza 50 ya inveta, ongeza 75 ya feni mpya, jumla Wh 860. Tumeokoa 220 kwa kubadilisha feni moja, na bei ya feni ile ni ndogo mno ukilinganisha na betri ya ziada. Kwaiyo kabla hujakuza betri, punguza mlaji.

Hatua ya 4: betri haitoi yote iliyoandikwa

Hii ndo iliyoniua mimi na N70 yangu.

Betri za risasi, iwe ya maji au jeli, ukitaka ikae usiishushe chini ya nusu. Inaweza kutoa zaidi, itatoa tu, lakini kila ukiikamua mpaka mwisho unaikata umri. Kwaiyo 100Ah ya risasi kwako wewe ni 50Ah. Lithiamu zile za LiFePO4 unaweza kutumia asilimia 80 bila wasiwasi na inarudia mizunguko elfu mbili na zaidi wakati ya risasi ni mia kadhaa tu, ndo maana bei yake inauma.

Na usitegemee inveta ikulinde. Inveta nyingi za bei rahisi zinakata kwenye 10.5V au chini yake, muda huo betri ya risasi ilishapita nusu zamani sana. Unasikia ule mlio unadhani ndo onyo, kumbe ni tanzia.

Kwa jamaa basi: 860 gawa 0.5 ni Wh 1,720, gawa volti 12 ni 143Ah. Kwa lithiamu: 860 gawa 0.8 ni 1,075, gawa 12.8 (lithiamu ya seli nne ni 12.8V sio 12) ni 84Ah.

Hatua ya 5: uzee

Betri inachoka, na joto linaichosha haraka. Wanaojua betri za risasi wanasema kila nyuzi 10 juu ya 25 umri unakaribia kukatika nusu, sasa fikiria betri iliyowekwa kwenye kibanda cha bati Dar mwezi wa pili. Kwaiyo ongeza asilimia 20 ili hata mwakani itoshe. 143 mara 1.2 ni 172Ah. 84 mara 1.2 ni 101Ah.

Dukani hamna 172, unapanda kwenda 200Ah, au mbili za 100Ah. Kwa lithiamu unachukua ya 100Ah, ile moja iliyobaki hatugombani nayo. Jamaa alichagua jeli mbili za 100Ah kwa sababu ya mfuko, sikumlaumu.

Hatua ya 6: je betri itahimili kuvutwa kwa kasi hiyo?

Wengi wanaruka hapa. Ile 100Ah iliyoandikwa kwenye betri ya risasi kwa kawaida imepimwa kwa kuitoa taratibu ndani ya masaa 20, yani ampea 5. Ukiivuta kwa ampea 50 haikupi masaa mawili hata kidogo, inakupa pungufu sana. Mjerumani mmoja anaitwa Peukert alishaliandika hili tangu 1897, sio kwamba muuzaji kakuibia. Ni kama kumimina maji safi kutoka kwenye ndoo yenye matope chini, ukimimina polepole unapata mengi.

Kwetu, vyote vikiwaka pamoja: vifaa vyote vya kwenye inveta ni wati 145, gawa 0.85 ni 171, ongeza 15 za feni ni 186, gawa 12 ni ampea 15.5. Kwa 200Ah kiwango cha masaa 20 ni ampea 10, tumezidi kidogo tu na ile asilimia 20 yetu inafidia. Ila ingekuwa N70 moja, ambayo kiwango chake ni ampea 3.5, unaona mwenyewe.

Halafu N70, N100, N200 nyingi zinazouzwa ni betri za kuwashia gari au lori. Zimetengenezwa zitoe umeme mwingi kwa sekunde chache afu zijazwe hapo hapo na injini. Plati zake nyembamba, hazipendi kushushwa taratibu kila siku. Ile namba inakaribiana na Ah ndio, lakini kazi sio hii. Uliza betri ya sola, ya kushushwa taratibu kila siku (deep cycle), muuzaji akikwambia zote sawa hama duka.

Kuunga mbili

Mbili za 12V 100Ah ukiziunga chanya na chanya, hasi na hasi, unapata 12V 200Ah. Ukiunga chanya ya moja na hasi ya nyingine unapata 24V 100Ah. Wh ni zile zile 2,400, hamna anayepata zaidi, inategemea inveta yako ni ya volti ngapi. Usichanganye ya zamani na mpya wala jeli na ya maji, ile dhaifu inaivuta nzima chini.

Itajazwa na nini, na lini?

Jamaa anatumia Wh 860 kwa siku, kama Ah 72. Betri ya risasi inapenda kujazwa kwa ampea kama sehemu ya kumi ya Ah zake, 200Ah chaja ya ampea 20. 72 ongeza 20% ya kupotea ni 86, gawa 20 ni masaa manne na kitu, lakini mwishoni chaji inaingia kwa kujivuta, kwaiyo weka masaa sita. Umeme kurudi saa tisa mpaka asubuhi kuna muda wa kutosha. Kama ungekuwa unarudi masaa mawili tu kwa siku, hata ukinunua betri ya tani nzima haikusaidii. Kwa sola: 860 gawa masaa 5 ya jua zuri, gawa 0.7 ya vumbi, joto na waya, ni wati 246, chukua paneli ya 300.

Waya kutoka betri kwenda inveta uwe mfupi na mnene. Inveta ya wati 500 ikibanwa inavuta karibu ampea 50, weka waya wa mm 10 au 16 (za mraba), na fyuzi ya ampea 60 karibu kabisa na kichwa cha chanya. Ule waya mwembamba wa spika nishauona unayeyuka. Na kwa vinyozi, inveta chukua ya pyua sain (pure sine wave, inayotoa umeme laini kama wa ukutani), zile nyingine mashine za sumaku zinaunguruma na kuchemka mkononi.

Kama unataka ruta tu

Usinunue inveta. Ruta ya wati 7 kwa masaa 8 ni Wh 56. Pawabenki ya 20,000mAh ina Wh 74, toa hasara ya ndani unabaki na 63 hivi, toa tena ya ule waya wa kupandisha kutoka 5V kwenda 12V unabaki kama 53, ni masaa saba na nusu. Inakaribia. Mtu mwingine atakuuzia UPS ya kompyuta ya 650VA (kile kiboksi cha kuishikilia kompyuta umeme ukikatika), kumbuka VA sio wati wala sio muda, ukiifungua ndani unakuta kibetri cha 12V 7Ah, Wh 84, nusu yake ni 42, na bado inageuza kwenda 220 afu adapta irudishe 12. Kwa kuzima kompyuta vizuri inafaa, kwa kushinda nayo hapana.

Dukani

Beba multimita, kile kipimo cha volti. Betri ya risasi mpya iliyokaa bila kazi isome kama 12.6 mpaka 12.8, ikisoma 12.2 imekaa stoo muda mrefu ikiwa nusu. Afu ipime uzito, usione aibu, hata kwa mizani ya mnunua chuma chakavu. 100Ah ya jeli inacheza kwenye kilo 28 mpaka 32 hivi, risasi ni nzito na haidanganyi, ukiinyanyua kwa mkono mmoja kama mfuko wa sukari wamekuandikia 100 kwenye karatasi tu. Kwa LiFePO4 kipimo hiki usikitumie hivo hivo, yenyewe kilo 10 mpaka 13 ni kawaida.

Siku ya kwanza, jaribu

Usingoje umeme ukatike. Shusha main mwenyewe saa nne, fanya kazi kama kawaida mpaka saa tisa, zima kila kitu, iache ipumzike saa nzima afu pima volti. Kwa betri ya risasi 12.7 ni imejaa, 12.4 robo imeshaondoka, 12.2 ni nusu, 11.9 umeshaitesa. Lithiamu volti zake hazisemi kitu, zinakaa 13 na ushee karibu muda wote, tegemea ile ya kuhesabu Ah kwenye skrini.

Kwa jamaa tulitegemea 12.3 au 12.4. Nikapima nikakuta 12.2. Tukarudi kwenye daftari, mashine sawa, tv sawa, feni sawa, nikafuata waya mmoja mmoja mpaka nyuma ya kioo kikubwa, kuna ekstensheni ya matundu sita, simu sita za bodaboda wa kijiwe cha nje, na kijana wake akaniambia kwa upole kuwa hizo ni za awamu ya tatu. Simu kumi na nane, mia tano kila moja. Tukaziandika kwenye daftari.